Binti Aliyekataa, na Waliomfungulia Mlango

Maandiko ya wiki: Hesabu 27:1-8; Wagalatia 2:1-14; 2 Samweli 12:1-7

Kabla hujasoma zaidi, chukua Biblia yako, weka alama kwenye Hesabu 27 na Wagalatia 2, kisha urudi hapa.

Wiki hii nimeamua kufundisha kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kuishi. Anaitwa Resian. Ni msichana katika riwaya ya Kiingereza iitwayo Blossoms of the Savannah, iliyoandikwa na Henry ole Kulet, mzaliwa wa Narok, na kuchapishwa na Longhorn mwaka wa 2008. Mwaka uliofuata ikashinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Kuanzia KCSE ya 2018, kwa miaka kadhaa, ilikuwa kitabu cha lazima shuleni. Kwa hiyo kuna nyumba nyingi Kitui na Makueni ambazo kitabu hiki kilinunuliwa, mtoto mmoja akakisoma, akafanya mtihani, na sasa kiko chini ya kitanda kikiliwa na mchwa. Mzazi alilipa pesa yake na hakuwahi kukifungua. Mimi nilikipata kwa sababu mpwa wangu alikiacha kwetu wakati wa likizo ya Aprili. Nilianza saa tatu usiku, nikazima taa karibu saa kumi.

Najua kuna mzee atanisimamisha pale mlangoni Jumapili. "Pasta, tangu lini tunahubiri riwaya?" Mzee wangu, kwa heshima, tangu Nathani. Daudi alipokuwa amefanya lile alilofanya kwa mke wa Uria, Mungu hakumtuma Nathani na orodha ya mashtaka. Alimtuma na hadithi ya tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja. Hakukuwa na tajiri huyo, wala kondoo. Lakini Daudi aliwaka hasira kwa ajili ya kondoo wa kwenye hadithi, na hapo ndipo nabii alipomgeuzia kidole. Yule Msamaria wa Luka 10 pia Bwana alimsimulia tu, na mpaka leo hospitali zinaitwa kwa jina lake. Hadithi ina njia ya kumfikia mtu kabla hajajipanga kujitetea.

Basi tuanze.

Parsimei ole Kaelo anaishi Nakuru na mke wake, Mama Milanoi, na mabinti wawili, Taiyo na Resian. Anapoteza kazi. Anaamua kurudi nyumbani Nasila, mji ambao mwandishi ameubuni, katika nchi ya Wamasai, akafungue duka. Wasichana wamemaliza sekondari. Taiyo, mkubwa, anapenda muziki. Resian, mdogo, ana ndoto moja tu: Chuo Kikuu cha Egerton. Baba yake hampendi sana huyu mdogo. Alitaka mvulana, akaja yeye, na msichana amekua akilijua hilo.

Wakifika Nasila wanagundua kwamba wana jina tayari. Wenyeji wanawaita kwa neno la Kimaa la kuwadharau wasichana ambao hawajakeketwa. Wao hawajafanya kosa lolote. Hawajaiba, hawajatukana mtu. Lakini kila wanapopita, jina lile liko mbele yao. Msichana wa namna hiyo, kwa macho ya Nasila, si mtoto na si mtu mzima. Hana heshima, na yeyote anaweza kumfanyia atakalo. Siku za kwanza tu wanavamiwa njiani na vijana wawili.

Hapa naomba tusikae tukiwanyooshea Wamasai kidole. Ni majirani zetu. Ukienda soko la mifugo Emali utawakuta na ng'ombe wao, na sisi tuko pale na maembe na ndengu, tunapatana bei. Tena sisi wenyewe tulikuwa na nzaiko. Wakina susu wetu wengi walipitia, na wachache walioko hai hawapendi kuulizwa. Serikali ilipiga marufuku ukeketaji kwa sheria ya 2011. Takwimu za afya za taifa za 2014 zilionyesha asilimia 21 ya wanawake wa kati ya miaka 15 na 49 walikuwa wamekeketwa. Zile za 2022 zikaonyesha asilimia 15. Imeshuka, tumshukuru Mungu, lakini asilimia 15 ni mamilioni ya dada zetu. Kwa hiyo usiisome hadithi hii kama ya watu wa mbali.

Sasa, mimi kabla ya chuo cha Biblia nilisoma biashara chuo kikuu, na mtu aliyesomea biashara hawezi kusoma riwaya bila kutafuta pesa ziko wapi. Katika kitabu hiki ziko kwa mtu anayeitwa Oloisudori. Ni tajiri. Utajiri wake unanuka: ujambazi, ujangili, vitisho. Na ole Kaelo, ili afungue duka na kujenga upya maisha yake, amejifunga naye. Akija Oloisudori kusema anamtaka Resian awe mke wake mwingine, baba mtu anashtuka, anaumia hata, kisha anapiga hesabu. Akikataa, duka limekwisha. Akikubali, kuna mali. Na ili Resian aolewe kwa heshima ya Nasila, sharti akeketwe kwanza.

Mnaona mambo yalivyofungana? Watu husema ole Kaelo alirudi kwenye mila. Mimi naona alirudi kwenye deni, na mila ikamfaa. Benki ikikukopesha inataka hati ya shamba au logibuku ya gari. Kuna wakopeshaji ambao hawaandiki dhamana mahali popote, na siku ya kudai ndipo unajua kilichokuwa dhamana. Ndugu zangu wanaume, na hasa vijana mnaokopa kwa mashailoki ili mfungue duka la vipuri au muongeze pikipiki ya pili, tafadhali: kabla hujachukua pesa ya mtu, jiulize kama unaweza kumwambia mtu huyo hapana mezani kwako, mbele ya watoto wako. Kama huwezi, hiyo pesa ni ghali kuliko riba yake. Nimetoka nje kidogo ya somo, lakini afadhali nimesema.

Turudi kwa Resian. Ujasiri wake uko wapi? Watu wengi watasema ni pale alipotoroka. Ni kweli, alitoroka. Alipojua mpango, aliondoka nyumbani. Lakini kutoroka hata swala hutoroka. Mimi naona ujasiri wake ulianza mapema, alipokataa kuamini jina alilopewa. Mji mzima unakuambia wewe ni mchafu, wewe si kamili, na watu unaowapenda nao wameanza kunyamaza neno hilo likitajwa. Kuendelea kusema "mimi nitaenda Egerton" katika hali hiyo ni kazi ngumu kuliko kukimbia usiku. Na hakukataa Umasai wake. Yeye na dada yake wanajifunza nyimbo na ngoma za Kimaa kutoka kwa mwalimu mmoja kijana, Joseph Parmuat, na wanazifurahia. Anachokataa ni kisu, na ndoa ya kununuliwa. Tofauti hiyo ni muhimu, kwa sababu hapa kwetu mtu akikataa jambo moja la desturi husemwa ameidharau jamii yote.

Sasa fungua Hesabu 27. Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirza, mabinti watano wa Selofehadi. Baba yao amekufa jangwani bila mtoto wa kiume, na kwa desturi jina lake na fungu lake vinapotea. Ona waliposimama: mbele ya Musa, mbele ya Eleazari kuhani, mbele ya wakuu na kusanyiko lote, mlangoni pa hema. Hawakwenda kulalamika kisimani. Hawakumtuma mjomba. Na Musa hakuwakemea kwa kusema wanawake wakae kimya. Alipeleka neno lao kwa Bwana, na Bwana akasema wana haki. Nimehudhuria vikao vya mashamba Kibwezi na Mutomo ambapo dada wa marehemu wamekaa chini ya mwembe mbali, wanapika chai, huku kaka zao wakigawana ekari. Wote pale ni watu wa kanisa. Wote wana Hesabu 27 ndani ya Biblia zao, haijafunguliwa.

Lakini kuna jambo linalotofautisha mabinti wa Selofehadi na Resian. Wale walikuwa na Musa. Walikuwa na mlango wa kusimama. Resian amesimama mlango gani? Baba ameshauza. Mama anajua. Mama Milanoi ndiye mtu aliyenisumbua kuliko wote kitabuni, kuliko hata Oloisudori. Yule jambazi ni jambazi, tunamjua. Mama huyu anawapenda binti zake. Moyo unamuuma. Amepitia kisu mwenyewe. Lakini anamwogopa mume, anaogopa akina mama wenzake, anaogopa kuitwa mke aliyeshindwa. Basi anatii. Mwisho wake Taiyo, yule mkubwa mpole, anadanganywa, anachukuliwa na kukeketwa kwa nguvu. Mama alijua.

Ndiyo maana nimetaka tusome Wagalatia 2 pamoja na hadithi hii. Kule Antiokia, Petro alikuwa akila pamoja na waumini wa Mataifa, watu wasiotahiriwa. Hakuna tatizo. Bwana alikwisha kumwonyesha katika nyumba ya Kornelio kwamba hapendelei mtu. Petro alilijua jambo hili kuliko yeyote. Kisha wakaja watu kutoka kwa Yakobo. Petro akaanza kusogeza kiti. Paulo anaeleza sababu waziwazi: aliwaogopa wale wa tohara. Petro hakubadilisha imani yake wala hakuhubiri fundisho jipya. Alibadilisha meza tu.

Na wengine wakamfuata. Hata Barnaba! Tafadhali usilipite jina hilo haraka. Barnaba ndiye aliyeuza shamba akaleta pesa miguuni pa mitume. Ndiye aliyemshika Paulo mkono wakati Yerusalemu yote ilimwogopa. Mtu mwenye moyo kama huo, na bado akachukuliwa na mkondo. Kwa hiyo usijidanganye kwamba ubaguzi ni dhambi ya watu wabaya. Huwachukua watu wazuri, taratibu, kiti kwa kiti. Mama Milanoi ni Barnaba wa Nasila.

Paulo akasimama, akamwambia Petro usoni, mbele ya wote. Wengine husema angemwita pembeni. Kwa makosa ya faragha, ndiyo, Mathayo 18 inatufundisha hivyo. Lakini meza ilihamishwa hadharani, na wale ndugu wa Mataifa waliachwa wakila peke yao hadharani. Aliyeaibishwa mbele ya watu arudishiwe heshima mbele ya watu. Na msidhani Paulo alikuwa mtu wa kupinga desturi kwa ajili ya kupinga. Katika Matendo 16 alimtahiri Timotheo, ili Wayahudi wasipate kisingizio. Katika Wagalatia 2 hiyohiyo alikataa Tito atahiriwe. Jambo moja, majibu mawili. Kwa Timotheo ilikuwa desturi tu. Kwa Tito watu walitaka kuifanya mlango wa kuingilia kwa Mungu, na hapo Paulo hakusogea hata kidogo.

Kanisa katika nchi yetu limewahi kusimama kwenye jambo hili la kisu, na historia yake si rahisi. Africa Inland Mission ilifika Ukambani mwaka wa 1895, pale Nzaui, Makueni, na kiongozi wao Peter Cameron Scott akafa mwaka uliofuata. Mwaka wa 1929 misheni kadhaa, hasa upande wa Wakikuyu, ziliwataka waumini wakane ukeketaji rasmi. Asiyekubali, nje. Watu wengi sana waliondoka, shule za kujitegemea zikaanza, na Januari 1930 mmishenari mwanamke, Hulda Stumpf, akauawa Kijabe. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika juu ya mgawanyiko wa namna hiyo katika The River Between, mwaka wa 1965. Mimi nasema wamishenari walikuwa sawa kuhusu kisu. Lakini katika vurugu ile, wazee wa mila walimfukuza binti aliyekataa, na kanisa likamfukuza aliyekubali. Na mara nyingi alikuwa na miaka kumi na mitatu tu, hakuna aliyemuuliza. Pande zote mbili zilipigana juu ya mwili wake.

Na sasa nafika kwa jambo lililonifanya niandike somo hili wiki hii na si nyingine.

Wengi wenu mnajua kuna binti katika moja ya matawi yetu aliyepata mtoto akiwa kidato cha tatu. Sitasema tawi gani wala ni nani, na yeye pamoja na mama yake wameniruhusu kuandika hivi. Amekuwa akija ibadani kwa miezi sasa. Anakaa benchi la nyuma karibu na mlango, mtoto akilia anatoka. Alikuwa mwimbaji katika timu ya sifa. Ameomba mambo mawili: arudi shule Januari, na arudi kuimba.

La shule, sheria iko upande wake. Tangu 1994 sera ya serikali inamruhusu msichana aliyejifungua kurudi darasani, na mwaka wa 2020 Wizara ya Elimu ikatoa mwongozo mpya wa kurudisha wanafunzi shuleni. Hakuna mwalimu mkuu mwenye ruhusa ya kumwambia amechelewa. Shida iko kwetu. Nimeambiwa na wazazi wenye nia njema kabisa, watu ninaowaheshimu, kwamba akisimama mbele na maikrofoni atawafundisha wasichana wengine kwamba hakuna hasara. Mwingine ameniambia mtoto akibatizwa, sawa, lakini mama yake akae chini kwanza mwaka mmoja. Na kuna jina. Sitaliandika. Mnalijua lile neno ambalo akina mama hulitumia sokoni kwa msichana aliyezalia nyumbani. Limefika hadi kwenye viti vya kanisa, linasemwa kwa sauti ya chini, likifuatwa na "Mungu amsaidie."

Basi niulize swali moja la kimahesabu. Mtoto ana wazazi wangapi? Kijana anayesemwa, na ambaye hajakana, amekuwa akicheza kinanda kila Jumapili miezi hiyo yote. Hakuna aliyemwambia akae mwaka mmoja. Hakuna jina lake sokoni. Simwandami kijana huyo. Nimezungumza naye na wazazi wake, na kuna mazungumzo yanayoendelea ambayo si ya kuandikwa hapa. Ninachosema ni kwamba kama nidhamu ya kanisa ni ya dhambi, ingewakuta wote wawili. Ikimkuta mmoja tu, yule ambaye tumbo lake lilionekana, basi tunachoadhibu ni tumbo.

Simaanishi kwamba tuseme zinaa si kitu. Tunahubiri utakatifu na tutaendelea. Binti mwenyewe alitubu kwa machozi, mbele ya Mchungaji Kiongozi na mke wake, kabla mtoto hajazaliwa. Mungu akisamehe, sisi tunadai riba gani tena? Soma Luka 7 kuanzia aya ya 36, uone nani alikaa mezani akihesabu na nani alilia miguuni.

Ujasiri wa binti huyu ndio ninaoutafakari. Kila Jumapili anavaa, anamfunga mtoto mgongoni kwa leso, anapita kati ya watu wanaojua, anakaa. Angeweza kwenda kanisa la mtaa mwingine ambako hajulikani. Angeweza kwenda Nairobi kutafuta kazi ya nyumba, kama wengi. Anakuja palepale alipoabishwa. Nilipomuuliza kwa nini, alisema hili ndilo kanisa alilookokea. Hakuongeza neno.

Turudi kitabuni mara ya mwisho, kwa sababu kuna mtu sijamtaja. Resian alipotoroka, alitaka kufika kwa Minik, mwanamke anayeendesha shamba la kondoo na kuwaokoa wasichana. Nasila inamchukia Minik. Wazee wanamlaani. Wamempa jina la kejeli, Emakererei, kwa ajili ya elimu yake. Lakini kijana aliyeahidi kumpeleka Resian huko, Olarinkoi, yuleyule aliyewaokoa njiani mwanzoni, anamgeuka. Anampeleka kibanda cha mbali, anajaribu kumnajisi. Resian anapambana, anamuuma kidole gumba. Anabaki pale akiwa mgonjwa, amevunjika, bila nguvu ya kufika popote. Ujasiri wake umefika mwisho wake. Hili mwandishi amelisema kwa ukweli, nami nampenda kwa hilo. Ujasiri wa mtu mmoja una mwisho.

Anayemwokoa ni mwanamke mzee anayeitwa Nabaru. Si msomi. Si mtu wa mikutano. Ni mama wa kijijini aliyelelewa na mila hiyohiyo. Anamuuguza, anamlisha, na akipata nguvu anamtafutia njia ya kufika kwa Minik. Dada yake naye baadaye anaokolewa na kuletwa huko, na mwishowe wote wawili wanakwenda Egerton. Bila Nabaru, kitabu kingekwisha pale kibandani.

Nimetafuta katika ukurasa wote Nabaru anapotoa hotuba juu ya haki za wasichana. Sikuiona. Anapika, anaosha kidonda, anakaa macho.

Baraza la wazee litakaa Jumamosi ya pili ya mwezi ujao kuamua kuhusu ombi la kuimba, na kuhusu kijana wa kinanda pia, kwa pamoja, katika kikao kimoja. Hilo la kimoja niliomba mimi, na Mchungaji Kiongozi amekubali. Msimamo wangu mmeshausoma hapa na nitausema tena siku hiyo. Ndugu asiyekubaliana nami aje, asiseme nje. Wale wa vikundi vya nyumbani, someni Wagalatia 2 Jumatano hii, na mjadiliane swali hili tu: Petro aliposogeza kiti, wale walioachwa mezani walifikiri nini kuhusu Mungu wake? Msiharakishe kujibu. Vijana waliosoma kitabu hiki shuleni wapewe nafasi ya kuwasimulia wazazi, kwa Kikamba ikibidi, ili susu naye asikie.

Ama kuhusu shule, haisubiri baraza. Karo ya muhula wa kwanza mama yake ameipata kwa kuuza mbuzi wawili. Kilichobaki ni mtu wa kukaa na mtoto, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi mpaka binti arudi jioni. Mama wawili wamejitolea. Mmoja amechukua Jumatatu na Jumanne, mwingine Jumatano na Ijumaa. Alhamisi ni siku ya soko na wote wawili huuza. Anayeweza Alhamisi amwone shemasi wa akina mama baada ya ibadani, au anipigie mimi simu, hata usiku.